Habari za mji zitufikie na sisi wageni

Mhariri,

Nimehamia Lamu kutoka bara, na majirani wa mtaa wa Langoni wamenipokea vizuri mno. Hata sijamaliza kupanga vyombo, sahani ya mahamri na mbaazi ilishaletwa mlangoni. Shida yangu ni habari. Maji kukatwa, kikao cha kaunti, msiba: yote hupitia barazani baada ya swala, na asiyekaa baraza, hasa sisi wanawake wageni, huyapata yameshapita. Naiomba serikali ya kaunti iweke ubao wa matangazo pale Mkunguni, mbele ya Ngome, kwa Kiswahili na herufi kubwa. Nanyi gazetini, andikeni habari zetu hata pasipo na Maulidi wala shambulio.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu