Usilitupe Lile Sanduku

Mpendwa Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale unaposema utalitupa sanduku la vifaa vya michezo vya kaka yako kwa kuwa ameacha kucheza. Nakuomba, mwenzangu, usilitupe. Skeitibodi iliyovunjika (ule ubao wa magurudumu wa kutelezea), mpira uliopasuka, raketi na vile vimpira vya manyoya: vyote hivyo kwangu ni mapambo yanayosubiri mkono wa kuyatoa.

Nianze na skeitibodi, maana ndiyo niipendayo kupita vyote. Ukiitazama kwa juu utadhani ni ubao mmoja. Ikate, kisha utazame pale ulipokata: kwa kawaida utahesabu tabaka saba nyembamba za mti wa mepli zilizogandishwa kwa gundi, na mara nyingi baadhi zimetiwa rangi. Basi mistari ya pete yako tayari imo humo, hupaki kitu. Tabaka chache hulazwa kukingama na zenzake, na hiyo ndiyo nguvu yake. Pete yangu ya kwanza niliichonga kwa ubao wa kawaida, nyuzi zake zote zikielekea upande mmoja, nayo ikakatika kidoleni kabla wiki haijaisha. Iliniuma sana.

Ile karatasi ya kukwaruza iliyobandikwa juu ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, itabanduka. Halafu toboa tundu la kidole kwanza, kipande kikiwa bado kikubwa na umekibana vizuri. Ukikata duara la nje kwanza ndipo utoboe, mbao itapasuka mikononi mwako. Baadaye sugua kwa tupa, kile chuma cha kukerezea, kisha kwa msasa mkavu mpaka iwe laini kabisa, umalizie kwa nta ya nyuki. Vaa barakoa muda wote. Vumbi la mbao na gundi si la kuvuta.

Lakini usiipige msasa skeitibodi yote! Upande wa tumbo, pale rangi ilipochunika kwa kuburuzwa kwenye vyuma na kingo za saruji, kata kidani na uiache mikwaruzo kama ilivyo. Watu wengi husafisha kila kitu mpaka king'ae, na mimi naona wanafuta kile kile kilichowafanya wakiokote. Kidani kisicho na mkwaruzo kinaweza kuwa cha yeyote. Chenye mkwaruzo ni cha kaka yako.

Mpira, kama ni wa mtindo wa zamani, una vipande 32: 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita. Ufumue kwa wembe taratibu, ukate uzi tu, usiguse ngozi. Vile vitundu vya sindano vinavyobaki pembezoni ni urembo tosha, na unaweza kupitisha humo uzi mwekundu. Kipande kizima cha pembe tano ni kikubwa mno kwa hereni, kifanye kidani.

Hereni utazipata kwenye vimpira vya badmintoni. Vya manyoya halisi vina manyoya 16, ya bata au bata bukini. Ng'oa unyoya mmoja mmoja, uoshe kwa maji ya sabuni, ulaze ukauke, kisha uzungushie waya mwembamba kwenye shina. Ni mepesi hata sikio halihisi. Kulabu zake chagua za fedha au titani, kwa sababu nikeli huwasha masikio ya watu wengi, na wewe ngozi yako naijua.

Nyuzi za raketi zitakufaa kutungia shanga. Fremu, ikiwa ni ya nyuzi za kaboni, iache nzima. Vumbi lake huchoma ngozi na kuingia mapafuni, na hakuna pete inayostahili hayo.

Nitumie kipande kimoja cha skeitibodi, kile chenye mikwaruzo mingi zaidi, pamoja na kipimo cha kidole chako: zungusha uzi, ukate pale unapokutana. Pete nitaichonga mimi. Kidani cha kaka yako, ningependa ukichonge wewe mwenyewe.

Wako akupendaye,
Rukia