Mji wa Kaole hauishii kwenye uzio wa magofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Kaole, kitongoji kilicho kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji wa Bagamoyo, ambacho makala moja ya utalii uliyoichapisha hivi karibuni ilikieleza kuwa ni mji uliokufa. Mwandishi aliyasifu, na alistahili kuyasifu, magofu ya misikiti miwili na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe kati ya karne ya 13 na ya 16, kisha akasema kwamba bandari ilizibwa na mikoko, wenyeji wakahamia Bagamoyo, na hadithi ikaishia hapo. Mgeni akiisoma atadhani kuwa nje ya uzio wa magofu hakuna kitu ila vichaka na minazi. Sisi tunaoishi hapa tunajua kuwa sivyo, na dhana hiyo imeanza kutugharimu.

Habari ya mikoko ni ya kweli. Pwani yetu ni tambarare, maji yakipwa huenda mbali na kuacha tope tupu, na mkoko ukishika mizizi hunasa tope hilo, likazidi, mikoko mingine ikaota mbele yake, hata majengo yaliyokuwa karibu na ufuo yakajikuta yametengwa na bahari kwa msitu mzima. Majahazi yalitaka ufuo ulio wazi, na Bagamoyo ilikuwa nao. Lakini kuhama kwa biashara si kuhama kwa watu wote. Mwaka 1857, wakati wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipovuka kutoka Unguja kuanza safari yao ya bara, walishukia Kaole, wakaikuta ina ngome na askari wa Kibulushi, yaani wenye asili ya Baluchistan, wa Sultani wa Zanzibar. Kijiji kinacholindwa na askari hakiwezi kuitwa kaburi.

Wala waliokikalia hawakuwa watu wa aina moja. Hii ilikuwa nchi ya Washomvi, Waswahili wa pwani hii, na majumbe wao, na masimulizi ya wazee yanaeleza jinsi Wazaramo chini ya kiongozi wao Pazi walivyowasaidia kuwafukuza Wakamba, wakalipwa sehemu ya ushuru wa pwani kwa msaada huo. Wakwere na Wadoe wako nasi hadi leo. Watu huvua kwa ngalawa, hulima mihogo, huokota korosho. Jirani zetu wa Mlingotini hulima mwani, na Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Hata ndani ya uzio wenyewe, kaburi linalojulikana kuwa la Sharifa bado huendewa na watu wenye haja zao, wakaomba dua.

Sasa nije kwenye shabaha ya barua hii. Kilichojengwa kwa mawe Kaole, na ambacho mwanaakiolojia Neville Chittick alikifukua mwaka 1958, ni misikiti na makaburi, yaani mahali pa kuswalia na pa kuzikia. Je, waliokuwa wakiswali humo walilala wapi? Walilala katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, kama nyingi tulizo nazo mpaka sasa, na nyumba ya namna hiyo ikianguka haiachi gofu. Huacha sakafu iliyogongwa, majivu ya jikoni, makombe na vigae, na vyote hivyo viko chini ya mashamba na nyua zetu. Jirani yangu alipochimbisha shimo la choo, mbali kabisa na uzio, fundi alifika kimo cha kiuno akakuta tabaka jeusi lenye makombe, mifupa ya samaki, vigae vya vyungu vyenye mistari iliyochorwa shingoni, na kipande kimoja cha chombo cha kauri ya kijani kilichopauka. Kauri hiyo watoto waliichukua wakachezea mdako. Vingine vilirudi ardhini pamoja na kifusi.

Simlaumu fundi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, popote vilipo, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Sheria haitaji uzio. Uzio uliwekwa ili magofu yasiharibiwe, lakini taratibu umegeuka kuwa mpaka wa historia machoni pa wanaouza na wanaonunua viwanja, ambao wengi wanatoka Dar es Salaam tangu barabara ya lami ilipoturahisishia usafiri. Kiwanja kikinunuliwa, greda husawazisha ardhi asubuhi moja, na tabaka lile jeusi hubebwa na lori likafukie mashimo kwingine. Wapo pia wanaofyeka mikoko ili waione bahari kutoka barazani, jambo ambalo nalo lina sheria yake.

Sitaki mtu yeyote ahamishwe, na ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu neno la hifadhi likitajwa huku, wenyeji hushikwa na hofu ya kunyang'anywa mashamba. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya viwanja vingine kupimwa, wataalamu wa mambo ya kale watembee eneo hili pamoja na wazee wanaojua visima na makaburi ya zamani yasiyo na nguzo, wachimbe mashimo machache ya majaribio, na ramani itakayopatikana ibandikwe mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wataiona kabla ya fedha kutolewa. Makumbusho madogo yaliyopo magofuni yangeweza pia kupokea vigae vinavyookotwa, yakiandika vilipatikana wapi, kwa maana kigae kisichojulikana kilikotoka hakimsaidii sana mtafiti.

Gazeti lako linasomwa na wenye dhamana ya mambo haya. Naomba uwaulize kama ramani ya namna hiyo ipo, na kama haipo, nani ataichora, kisha utuchapishie jibu lao kabla masika hayajaisha, kwa sababu ardhi ikikauka tu magreda yatarudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kaole,
Bagamoyo