Mwanangu, umejaza?

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku Muheza sote wazima, ila mguu wa baba yako bado unavimba jioni. Juzi msibani nimekutana na mama wa yule mwenzio mliyeajiriwa pamoja, akaniambia mwanawe kapata barua ya kupandishwa daraja. Nikasema alhamdulillahi, nikanyamaza. Nilipokupigia kuuliza kama umejaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima kazi za watumishi mtandaoni, jibu lile lile: "Mama, mtandao unasumbua."

Wa kutuma picha za harusi hausumbui.

Kazi unaifanya, najua. Habari zinafika mpaka huku kwamba mama anayejifungua akizidiwa usiku unaamshwa wewe, hata kama si zamu yako. Lakini wanaopitia majina ya kupandishwa hawajawahi kukesha wodini kwenu. Wanaona kilichomo kwenye PEPMIS. Enzi zetu ilikuwa OPRAS, makaratasi tu. Wengi tuliyajaza Juni kwa mkupuo, tukatia saini bila kusoma. Usiniulize faili langu lilikuwaje. Wewe jaza. Na usiandike "kuhudumia wagonjwa". Andika umezalisha akina mama wangapi, patografu, zile chati za uchungu, zilijazwa zote au la, rufaa ngapi umetoa na kwa sababu gani. Kisha mfuate mganga mfawidhi aidhinishe, maana asipoidhinisha ni kama hujajaza.

Na huko kukaimu kwa mdomo kuishe. Funguo za wodi unazo wewe, lawama zako wewe, barua ya kukaimu iko wapi? Iombe kwa adabu, kwa maandishi, ubaki na nakala. Utaona haya. Haya hiyo umeirithi kwangu.

Unadhani daraja ni nyongeza ya mwezi tu. Pensheni inapigiwa hesabu kwenye wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya kumi ya mwisho. Mwaka 2016 madaraja yaliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, mimi nilikuwa naelekea kustaafu, na mpaka leo pensheni ikiingia naiona ile miaka. Wewe hujasimamishwa na mtu. Hujajaza tu.

Hiyo shahada unayoitaka, kibali cha mwajiri kwanza, ada baadaye; ukisoma kimyakimya watakugomea kukubadilishia muundo, yaani kukuweka kwenye cheo na mshahara wa wenye shahada. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo, pointi za mafunzo usingoje mpaka iishe.

Pesa imefika, Mungu akuzidishie. Nimenunua bati za jiko, pesa iliyobaki nimelipa deni dukani. Machungwa yameanza kuiva, madalali wanataka kununua mti mzima kwa bei ya kutupa, baba yako kawafukuza na fimbo yake. Mdogo wako anakuja huko likizo na kapu la machungwa na samli kidogo. Nauli ya kurudi mpe wewe, sisi hatuna. Simu yake ina bando, jazia humo.

Mama yako