TAARIFA YA MWAKA YA MWENYEKITI KWA WANACHAMA WOTE, TIMU ZA KIKAPU ZA WATOTO NA VIJANA

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, makocha na walezi wa timu, habari zenu. Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu ila akidi haikutimia. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, tupo 64, siku ile walikuja 19, na kati ya hao makocha ni watano ambao wangekuja tu hata kama hamna mkutano. Kwaiyo naandika humu ili kila mtu asome na asije mtu kusema hakuambiwa.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitapoteza mda. Mazoezi yameendelea Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, masika yalitukatisha kidogo maana uwanja wetu ni wa sementi na ukilowa unateleza. Bonanza la Nane Nane tulifanya, Morogoro tulienda tukarudi salama, makocha wawili walipata mafunzo ya huduma ya kwanza, na mabinti wawili wa timu kubwa walichaguliwa UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, hongereni wazazi wao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni bila mimi kuulizwa: uamuzi wa timu ya chini ya miaka 14. Mwezi wa kwanza kamati ilikubali pendekezo langu kwamba hamna tena ulinzi wa zoni kwa hao watoto, yaani ule wa kila mtoto kulinda kipande chake cha uwanja badala ya kumfata mpinzani wake, hamna nafasi (namba) ya kudumu uwanjani, na kila mtoto aliyevaa jezi acheze si chini ya kota mbili kati ya nne za mechi. Mwezi wa sita tukafungwa nusu fainali kwa pointi 11 huku mfungaji wetu bora amekaa benchi kota ya tatu yote, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kuna mzazi alinifata mpaka kwenye meza ya waamuzi akaniambia nimewauza watoto, na mwingine alimhamisha kijana wake wiki ileile. Nawaheshimu wote ila ule uamuzi nausimamia mpaka leo na ntaueleza vizuri.

Zoni kwa mtoto wa miaka 11 inashinda mechi, hilo nakubali kabisa, kwasababu watoto wa umri huo hawana nguvu ya kurusha kutoka mbali, ukiwajaza watano chini ya ringi wapinzani wanahangaika na mnaondoka na kikombe. Lakini mtoto wako kajifunza nini? Kasimama kwenye kipande chake mikono juu dakika 40. Hajui kusogeza miguu kumfata mtu anayekuja na mpira, hajui kumsaidia mwenzake aliyepitwa, na akifika miaka 17 akakutana na watu wanaofunga pointi tatu anaachwa pale pale. Mtu kwa mtu, yaani kila mmoja kumlinda mpinzani wake, inauma mwanzoni, tulifungwa sana mwezi wa pili na wa tatu, ila ndiyo inayofundisha.

Na hili la namba ya kudumu uwanjani. Sisi mtoto akiwa mrefu tu tunampeleka chini ya ringi, tunamwambia usidunde mpira, ukipata mpira mpe mdogo. Mnaona Jokić anavyocheza, senta kabisa, yaani yule mrefu wa chini ya ringi, lakini pasi zake ndiyo zinaongoza timu, na amekuwa MVP (mchezaji bora wa msimu) wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara tatu, 2021, 2022 na 2024, wakati kwenye drafti ya 2014, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichukuliwa wa 41. Giannis, naye wa NBA, ana mita 2.11 na anapandisha mpira mwenyewe. Sisi tuna Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania wa kwanza NBA, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis, na kikapu alianza akiwa na miaka kama 15. Huku uswahilini urefu tunao, na akili tunazo, kinachokosekana ni mtoto kugusa mpira mapema.

Yule kijana wetu mrefu wa jezi namba 12, wengi mlimcheka mwezi wa tatu alipokuwa anapandisha mpira unamponyoka unagonga goti lake unatoka nje. Mwezi wa kumi na moja, waliokuwepo waliona, alidaka ribaundi (mpira uliokosa ringi ukarudi), akageuka, akadunda kwa mkono wa kushoto, KUSHOTO jamani, mpaka mstari wa kati, beki akamfata, akaachia pasi ya chini kwa binti mdogo kabisa wa timu akamalizia leyapu, kufunga kwa karibu huku anakimbia. Kocha aliyekuwa anapinga uamuzi huu alisimama akapiga makofi. Mimi nilinyamaza tu.

Ringi pia. Kuna waliosema tumepoteza hela kumlipa fundi wa kuchomelea atengeneze ringi mbili za chini. Mita 3.05 ni ya wakubwa, kikapu cha watoto kinachezwa kwa mita 2.60 na mpira saizi 5, FIBA wenyewe, shirikisho la kikapu la dunia, ndiyo wanavyotaka. Mtoto mdogo kwenye ringi la juu anaanzia mpira kiunoni anaurusha kwa mikono yote miwili kama anamwaga ndoo, na hiyo tabia kuiondoa baadae ni kazi. Tuliposhusha, ndani ya wiki chache viwiko vikaingia ndani na mpira ukaanza kutokea usawa wa paji la uso. Na fundi nilimlipa mimi mfukoni, haipo kwenye hesabu hapo chini.

Kwa wanaolalamika kwamba siku tatu za mazoezi hazitoshi, mwongozo wa NBA na shirikisho la kikapu la Marekani unashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja mpaka afike 14 au zaidi. Waacheni wacheze mpira wa miguu, wakimbie, wasome, walale. Kocha akiomba kuona ripoti ya shule msikasirike.

Hesabu. Ada ni 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Waliomaliza 27, walioishia nusu 15, wasiotoa hata mia 22. Tumekusanya 2,070,000 badala ya 3,840,000. Uwanja 1,200,000, mipira 12 ni 420,000, waamuzi na nauli 310,000, dawa na bandeji 65,000, jumla 1,995,000, imebaki 75,000. Kiukweli inaniuma, maana mtu hajalipa mwaka mzima ila kwenye grupu ndiye wa kwanza kuuliza mbona mtoto wake hajapewa jezi mpya. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na mimi nikiwepo hatorudishwa, ila wazazi muwaonee huruma makocha wanaojilipia daladala.

Mwakani Mungu akijalia tungependa timu kamili ya mabinti, labda ziara Zanzibar, na tuendelee kutafuta mdhamini wa taa.

Mkutano wa pili ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa nne asubuhi palepale uwanjani, baada ya mazoezi ya wadogo. Mweka hazina atakuwepo na kitabu cha risiti, na mwenye hoja kuhusu zoni aje nayo pale mbele ya watu.

Wenu, Mwenyekiti