Dreamliner sio jeti yetu ya kwanza kuvuka bahari

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana kuna kitu kimenikaa kooni. Nimechoka kusikia vijana wanasema eti Tanzania kuwa na ndege kubwa ya kwenda nje ilianza 2018 ilipokuja Dreamliner ya Air Tanzania. Jamani! Tulianza 1960, uhuru wenyewe bado, pale East African Airways (EAA) walipoleta jeti za Comet za kwenda London. Shirika lilikuwa letu pamoja na Wakenya na Waganda, makao makuu Nairobi.

Alafu 1966 ikaja Super VC10, hiyo sasa ndo ndege. Injini nne zote nyuma mkiani, ndani kumetulia, wazee walikuwa wanasema unaweza kunong'ona na jirani yako. Na haikuchaguliwa kwa urembo tu, Nairobi iko juu sana, hewa nyepesi, jua kali, ndege nyingi za wakati ule zikijazwa zinahangaika kuinuka, hii ilitengenezwa kwa viwanja vya namna hiyo. Walinunua tano, na usajili wakagawana: mbili Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Yetu moja iliitwa 5H-MOG, ilikuja 1970, na ndo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani. Ya mwisho duniani, ina 5H, alama ya usajili ya Tanzania, ubavuni!

Mjomba wangu alikuwa anapakia mizigo uwanja wa Dar na alituletea begi dogo la begani lenye simba wa EAA, bibi akawa anawekea hati ya shamba na kadi ya kliniki, ukiligusa unachapwa.

Moja ya zile tano ilipata ajali Addis Ababa Aprili 1972, ikiwa inaruka, watu 43 wakafa. Lakini shirika halikuuliwa na ajali bana, liliuliwa na madeni na kununiana. Hela zilizotakiwa kwenda makao makuu zikawa haziendi, huyu anasema wewe unanidai, yule anasema wewe ndo unafaidi kwa sababu ofisi ziko kwako, mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama na Kenya wakaanzisha shirika lao, mpaka wetu na Kenya nao ukafungwa, sisi Machi tukaanzisha letu, ATC (Air Tanzania Corporation). Mjomba alikuwa na wenzake wa Nairobi wanapigiana simu kila siku mambo ya mizigo, tangu hapo hakuwasikia tena mpaka anaondoka duniani. Mimi hiyo inaniuma kuliko ndege.

Na ndege zenyewe zilikuwa bado nzima! VC10 nne zilizobaki zikarudi Uingereza, jeshi la anga likazichukua, wakazigeuza za kujazia mafuta ndege zingine huko huko angani, zikaenda mpaka vita ya Ghuba 1991. Hiyo 5H-MOG yetu wameistaafisha Septemba 2013, yaani miaka 36 baada ya sisi kugombana, wakaipeleka Dunsfold, huko huko Uingereza, ikahifadhiwa.

Sasa wenzetu wamehifadhi ndege nzima, mimi hapa kwetu sijawahi kuona hata kiti chake kimewekwa mahali watoto wakione. Lile begi la bibi ninalo, zipu imekufa ila simba bado anaonekana vizuri. Mtu wa makumbusho akilitaka aniulizie kupitia gazeti lako, nampa bure.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tanga