Barua ya wazi kwa vijana wa gemu: huo si utani

Wanangu wa Free Fire, wa PUBG, wa eFootball, na nyinyi mnaoshinda vibandani na padi zilizochubuka,

Shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Sasa tuongee.

Iko rekodi inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wachezaji. Kikosi cha watu wanne, watatu ni wavulana. Wa nne anafungua maiki: "Wapo ghorofa la bluu, wawili." Sauti ya kike. Na alisema kweli, maadui walikuwa ghorofa hilo hilo, wawili. Lakini kuanzia hapo hakuna tena aliyejali ghorofa. Dakika nzima ni mama yake, maumbile yake, bei yake. Binti akatoka kwenye mechi. Chini ya rekodi mkajaza vikatuni vya kucheka hadi machozi, na mmoja alipothubutu kuuliza akajibiwa: "Acha ushamba, ni utani tu."

Matusi si mageni duniani. Kuyaita utani ndiko kulikonikalisha chini niandike.

Utani mnaujua nyinyi? Mngoni na Mhehe walipigana karne ya 19, damu ikamwagika, na humo humo ukazaliwa utani. Mzaramo na Mnyamwezi walikutana kwenye njia ya misafara. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako na ukacheka nao. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe. Ndiye anayejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, mpaka mfiwa mwenyewe atabasamu. Na ukimrudishia neno, hana haki ya kununa. Utani una mtu wake, una mipaka, na una deni. Yule binti wa ghorofa la bluu ni mtani wenu kwa upande gani? Akifiwa kesho, nani kati yenu watatu atakwenda kuchimba? Jina lake tu hamlijui, mnajua nembo ya akaunti.

Halafu hilo la mama. Tusi la Kiswahili halina safari ndefu, huenda moja kwa moja kwa mama. Umekosa bao, mama. Mtandao umekwama, mama. Bando lenyewe nani alilitolea hela?

Msidhani nawaonea peke yenu. Gemu hizi zimetoka Singapore, Korea Kusini, Uchina na Japani, na waliozitengeneza hawajui tusi letu hata moja. Ushahidi ni yule dubu wa Tekken, gemu ya kupigana, ambaye jina lake hamlitaji mbele ya shangazi: kwa Kijapani ni neno la kawaida la dubu, basi. Matusi mmeyaokota kwetu. Daladalani, vijiweni, uwanjani siku ya Simba na Yanga, na kwa baba anayemporomoshea mtangazaji wa taarifa ya habari mtoto akiwa mapajani. Mwenye kibanda naye anamkalisha mtoto wa miaka minane mbele ya GTA V, yenye alama ya 18 kwenye jalada, ili mradi mia tano imelipwa. Sisi wazee tukisema gemu zimewaharibu, tunajisafisha tu.

Sasa mambo ya kufanya, maana kufoka peke yake hakusaidii mtu.

Kwenye PUBG Mobile, alama za maiki na spika ziko kando ya ramani ndogo. Ukigusa unapata wote, kikosi, au zima. Ukicheza na msiowajua, anza na maiki iliyozimwa. Alama za kuonyesha adui na ujumbe wa haraka vinatosha kabisa kushinda. Akianza mmoja kutukana, mnyamazishe yeye, usitoke kwenye mechi. Wala usimjibu kwa maandishi, kwa sababu anayekagua atakuta mistari yako pia, na mnaweza kufungiwa wote wawili.

Ushahidi ndipo wengi wanapokwama. Tangu Android 10, programu za kurekodi skrini huruhusiwa kuchukua sauti ya gemu na ya muziki, lakini sauti inayopita kama mazungumzo ya simu hazipewi. Ndiyo maana mtu anarekodi mechi nzima, akija kusikiliza anakuta milio ya bunduki imejaa na tusi halimo. Jaribu mapema na rafiki. Ikigoma, weka sauti spikani na urekodi kwa simu ya pili.

Unaporipoti, andika namba ya mchezaji, usitegemee jina, kwani jina hubadilishwa. Weka saa ya mechi. Na tusi likiwa la Kiswahili, liandike kama lilivyotamkwa kisha ueleze kwa Kiingereza chepesi lina maana gani. Mwaka 2023 gemu ya vita ya Call of Duty ilileta mashine ya kusikiliza maiki za wachezaji, ikaanza na Kiingereza. Lugha yetu ilikuwa mbali kwenye foleni. Usiporahisisha kazi ya msomaji wa ripoti, itapita hivi hivi.

Waandaaji wa mashindano: kanuni ziandikwe kabla ya pesa ya kiingilio kupokelewa. Onyo, kisha mechi moja bila maiki, kisha kupunguziwa alama, kisha nje bila kurudishiwa kiingilio. Admini asiwe mchezaji wa siku hiyo. Hakimu mwenye timu tunamjua.

Lipo pia lile neno la Kimarekani la kuwatukana watu weusi, mlilolibeba kutoka kwenye rap, mkalifanya salamu. Aprili 2020, wakati wa korona, Kyle Larson, dereva wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, alikuwa kwenye mbio za iRacing, gemu ya magari ya mtandaoni. Alidhani anaongea na mwelekezi wake peke yake. Maiki ilikuwa wazi kwa wote, na akalitamka. Ndani ya siku mbili wadhamini walijitoa na timu yake ya magari halisi ikamfukuza. Mtaniambia alirudi akawa bingwa 2021. Kweli. Nyinyi mna timu ya kuwarudisha? Mkiona mnalazimika kuongea, tumieni kitufe cha kushikilia ndipo sauti itoke, badala ya maiki inayofunguka yenyewe kila mtu akikohoa.

Sheria nitaitaja tu. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, cha kumnyanyasa mtu mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 27: faini ya hadi shilingi milioni ishirini, au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Hazisemi "isipokuwa kwenye gemu".

Limebaki moja, na ni la nyinyi watatu. Akaunti ya yule binti bado imo kwenye orodha ya wachezaji wa karibuni, kama hamkuchelewa. Mtumieni ujumbe. Uwe wa maandishi, asilazimike kusikia sauti zenu tena. Kila mmoja aandike wake, msimtume mwakilishi. Msiweke "lakini", msiweke kikatuni. Asipojibu, msirudie. Na rekodi futeni kwenye makundi mliyoiweka. WhatsApp inawapa kama siku mbili tu za kufuta kwa wote, muda huo ukipita waombeni wanakundi kila mmoja aifute kwake.

Mzee wenu.