Pati ya Jamaika si sambusa

Mhariri,

Waandishi wa mapishi wamezoea kuiita pati ya Jamaika, yaani kitafunwa cha unga kinachojazwa nyama na kuokwa, "sambusa ya kuoka". Naomba nafasi nilipinge jina hilo, maana linampotosha mpishi tangu hatua ya kwanza. Sambusa hutaka manda kavu na nyembamba. Pati hutaka unga wenye mafuta mengi ambayo hayajayeyuka.

Kwa gramu 500 za unga wa ngano, tia chumvi kijiko kimoja cha chai na manjano viwili. Chukua gramu 200 za shahamu ya ng'ombe iliyotoka kwenye friji, uikune, uichanganye kwa ncha za vidole, kisha uache ingali punjepunje. Ongeza maji ya barafu, mililita 150 hivi, ushikanishe tu, ukalaze kwenye friji saa moja. Wengi huharibu hapa kwa kukanda kama chapati. Joto la mikono hulainisha shahamu, ikasambaa ndani ya unga, na pati hutoka ngumu kama biskuti. Punje hizo zikiyeyukia ndani ya oveni ndipo matabaka yanapofunguka.

Nyama ya kusaga hupikwa na vitunguu vya majani, thaimu, pimento (kiungo kiitwacho pia allspice) na pilipili ya Scotch bonnet. Pilipili mbuzi yetu ni ndugu yake wa karibu. Malizia kwa maji na chenga za mkate hadi iwe nzito kama uji, na ipoe kabisa. Ikijazwa kwenye unga ingali ya moto, unga hulegea na kingo hupasuka. Oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 25 hadi 30.

Kuhusu jina, Wajamaika wa Toronto walilipigania. Mwaka 1985 wakaguzi wa serikali ya Kanada waliwaambia waokaji wasiiite "pati ya nyama ya ng'ombe", kwa kuwa kanuni zao ziliitambua pati kuwa ni nyama ya hambaga isiyofungwa kwenye unga. Waokaji walikataa, akiwemo Michael Davidson, mwenye duka la pati la Kensington Patty Palace. Februari ya mwaka huohuo wakakubaliana iitwe "pati ya Jamaika", na leo jiji hilo huiadhimisha kila Februari 23.

Basi magazeti yetu nayo yaiandike hivyohivyo: pati ya Jamaika.

Mwokaji,
Toronto, Kanada